Kanuni ya Zamu na Ufunguo wa Ndiva

Kaeni mnisikilize. Nitawataja watu watatu, na naomba msichanganye majina yao.

Namsifu Mcharo (si yule Namsifu Mshana wa ng'ambo ya mto) alijua kuigeuza kauli ya wazee kuwa amri ya kompyuta. Mbonea Kiangi hakuamini kitu mpaka akifungue mwenyewe. Eliamini Msuya alijua kukipatanisha kifaa cha huyu na cha yule.

Kijiji chao, milimani Upare, hugawana maji ya ndiva, bwawa linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Zamu zilikaa kichwani mwa mzee Senkondo. Kabla mzee hajafariki, Namsifu aliweka majina na tarehe katika faili moja. Kanuni ya kupanga zamu aliitunga ndani ya programu yake.

Kiangazi kimoja programu ikasema: Alhamisi ni zamu ya Nakunda, mjane, ambaye maharage yake yalikuwa yameanza kunyauka. Nakunda ni shangazi yake Namsifu.

"Ahaa," akasema Mbonea. "Shangazi!"

Akalifungua faili lile kwa kifaa kingine. Majina aliyaona, tarehe aliziona. Alipouliza zamu, kifaa kikajibu: hakuna kanuni ya zamu.

"Mmeona? Haipo!"

"Ipo kwenye programu yangu, kaka Mbonea. Faili hubeba majina tu. Kanuni haisafiri nalo."

"Kanuni gani hiyo isiyotoka nyumbani kwako?"

Kamati ya maji ya kijiji ikafunga lango la ndiva mpaka ukweli ujulikane. Nakunda akawa anamwagilia kwa kopo, shina kwa shina.

Eliamini akayachapa maandishi ya kanuni ili yasomwe na wote, kisha akaifunga katika kijifaili cha kusomwa na mashine tu, ambacho kifaa cha Mbonea kiliweza kukipokea. Kifaa kikajibu: Alhamisi, Nakunda.

Mbonea hakuridhika. Akasoma karatasi mstari kwa mstari. "Dada Namsifu, Senkondo alisema nyumba yenye msiba haipotezi zamu. Hapa kauli hiyo umeiruka."

Nakunda alikuwa amemzika mumewe mwezi uliotangulia. Kwa kauli ya mzee, zamu yake ilikwisha kupita siku tatu nyuma, na aliyemnyima ni binti wa kaka yake, bila kujua. Namsifu akasahihisha, Eliamini akafunga upya, lango likafunguliwa mchana uleule. Maharage yakapona.

Ndipo kamati ikatafuta mtu wa kushika ufunguo wa ndiva.

"Bila kanuni yangu," akasema Namsifu, "kila mtu angedai Senkondo alimwambia lake."

"Bila shaka zangu," akasema Mbonea, "kosa lako lingezeeka."

"Na bila kijifaili changu," akasema Eliamini, "shaka zako zingekauka pamoja na maharage."

"Wanangu, asanteni," akasema Nakunda. "Ila Eliamini, ulichofunga mara ya pili ni kilekile tulichosoma? Maana sasa hakisomeki."

Eliamini akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Ufunguo ni mmoja, na bado uko mezani. Yupo aliyeitunga kanuni akaiweka asikoiona mtu. Yupo aliyemshuku mkweli akapata kosa la kweli. Yupo aliyewafungulia wote, kisha akafunga kwa mkono wake. Nanyi mnaonisikiliza, mngeuweka katika kiganja cha nani?