Mbavu za Babu Tembo

Sogeeni karibu, mnipe masikio. Siku ya tatu ya mwezi mchanga, saa kumi kamili alasiri, tembo wa kale, mrefu kama twiga wawili waliobebana, alianguka bondeni akafa. Mvua za masika zilikuwa zimebakiza siku moja kuanza, na Kalunde na mama yake mzee hawakuwa na nyumba.

Desturi ya enzi hizo ilikuwa kumwomba mnyama kabla ya kumkata, maana hata akifa alijibu.

"Babu, nipe nyama," alisema Kalunde.

"Chukua."

"Babu, nipe ngozi niezekee."

"Chukua."

"Babu, nipe mbavu ziwe nguzo."

"Mbavu hapana. Nyama umepata, nguo umenivua, sasa unataka kunimaliza kabisa?"

Kalunde akamfikiria mama yake. "Sikumalizi, babu, nakusimamisha. Tumbo lako litajaa watu, wakipika na kubishana."

Tembo alicheka mpaka mbavu zikasimama zenyewe, na ngozi ikajitandaza juu yake.

Mvua ilinyesha usiku kucha, wala hawakulowa. Asubuhi iliyofuata Kalunde alitoka nje, akaigeukia nyumba, akapiga goti. "Shikamoo, babu. Utuwie radhi, mama anakoroma."