Kindi na Baridi ya Bondeni

Hapo zamani za kale, makoti yalipokuwa bado hayajatiwa mifuko, palikuwa na mji mmoja huko kaskazini kabisa, ambako jua la majira ya baridi huchungulia kidogo tu, kisha likarudi kulala. Mji wenyewe ulikuwa bondeni, umezungukwa na vilima, na mkubwa wa mji alikuwa Dubu.

Najua, najua. Kuna mtoto hapo nyuma anataka kuniambia kwamba dubu hulala majira yote ya baridi. Huyu hakulala. Aliogopa akifumba macho mtu atamkalia kiti chake.

Watu wa mji ule waliamini neno moja tangu enzi za mababu: juu kuna baridi, chini kuna joto. Hakuna aliyelipima. Kwa hiyo wakubwa walijenga chini kabisa kando ya mto, na wadogo wakabanwa nyuma ya nyumba zao.

Nyuma ya nyumba ya Dubu alikaa Kindi, mjane, na binti yake mmoja, Chonjo. Chonjo alikuwa na kikohozi. Moshi wa majiko ya mji ulipanda kidogo tu, ukatandaa juu ya mapaa, ukakaa hapo hapo, na watu wakauvuta kutwa nzima. Kohoo, kohoo, kohoo. Mwaka uliopita kikohozi hicho nusura kimchukue mtoto, na tangu hapo Kindi hakuwa na utulivu. Alikaa akasimama, akatoka akarudi, akamgusa mtoto kifua, akatoka tena.

Siku moja Dubu akamwita.

"Bi Kindi, kikohozi cha mwanao kinanivunjia mapumziko ya mchana."

"Tuwie radhi, mzee wangu. Ni baridi hii na moshi."

"Basi mtahamia kilimani. Mkakohoe huko, nisisikie."

"Majira haya, mzee? Tutakufa."

"Hilo ni lenu," akasema Dubu. "Ila kila asubuhi uje barazani kuniamkia kama wengine. Usipokuja, nitajua umekufa."

Mbwamwitu, askari wake, akawasindikiza mpaka mwisho wa nyumba, akawaacha.

Wakapanda. Kindi alimbeba mtoto mgongoni na mablanketi matatu kichwani, akilia kimyakimya. Alipanda mpaka akaingia ndani ya moshi, akapanda tena akautoka. Akasimama. Jasho lilikuwa linamtoka. Akatua mzigo, akavua koti.

Hewa ya pale juu ilikuwa na joto. Si joto la kuanika nguo, lakini ukilinganisha na bondeni ilikuwa neema. Kindi akatazama chini. Moshi wa mji ulikuwa umetandaa bapa chini ya miguu yake, kama kifuniko juu ya sufuria. Hapo akaelewa. Baridi ni nzito. Siku za utulivu, mbingu ikiwa safi na upepo haupo, baridi huteremka vilimani polepole ikajaa bondeni, na joto hubaki juu yake.

"Mama," akasema Chonjo, "mbona sikohoi?"

Kindi akacheka, kisha akashikwa na hofu. Wakubwa wakijua watapahamia kesho, na Chonjo atarudishwa kwenye moshi ule. Mwaka huu hataumaliza.

Basi siku ile wakajenga kibanda cha matawi pale pale, na asubuhi aliposhuka barazani, alijitia mablanketi yote matatu, akatetemeka kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha Dubu. Meno ka-ka-ka-ka.

"Shikamoo, m-m-mzee."

"Marahaba. Huko juu vipi?"

"Usiniulize, mzee wangu. J-jana uji uliganda ukiwa bado motoni."

Baraza zima likacheka, na ndevu zao zote zimejaa barafu. Walijiona wana bahati. Kindi akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Siku ya tano Mbwamwitu akamsogelea, akamtazama usoni.

"Mzee, sisi wa chini tuna barafu ndevuni. Huyu wa kutoka juu hana."

"Nimejipangusa njiani," akasema Kindi upesi. "Nije mbele ya mkubwa na uso mchafu?"

"Na kwenye nyusi?"

Dubu akakuna tumbo. Hakuwa na akili nyingi, lakini wivu alikuwa nao wa kutosha. "Kesho nitapanda nikaione mwenyewe nyumba yako."

Siku ile Kindi hakula. Aliingia, akatoka, akautazama moshi. Ulikuwa bapa. Alijua kilima kile kina sura mbili: siku ya utulivu ni pepo, siku ya upepo ni adhabu. Alikuwa anauhitaji upepo, na upepo haukuonekana popote. Angani kulikuwa na utando mwembamba wa wingu upande wa magharibi, basi. Aliutazama mpaka macho yakamuuma.

Asubuhi moshi ulikuwa bado bapa. Dubu akajifunga mshipi, Mbwamwitu akashika rungu, safari ikaanza. Kindi akatangulia, akasimama kwenye mlango wa kwanza.

"Twende," akasema Dubu.

"Mzee wangu, hii nyumba ya Panya. Mkubwa hapiti mlango wa mtu kama mwizi. Watasema nini?"

Dubu akajiweka sawa mshipi. Kindi akabisha hodi.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na yule bibi aliyeteguka mguu?"

"Alipona."

"Alipona lini? Alikandwa na nani? Na huyo aliyemkanda, watu wake hawajambo?"

Hivyo ndivyo walivyokwenda, mlango kwa mlango. Kwa Sungura waliuliza hali ya mashemeji. Kwa Nungunungu wenyeji wakapewa pole ya msiba wa mwaka juzi, wakairudisha, wakapewa tena. Dubu alihema. Mbwamwitu akasema, "Huyu anatuchelewesha," na mama Nungunungu akamjibu kwamba yeye ndiye hakulelewa vizuri. Kindi huku mdomo unasalimia, jicho liko juu.

Walipotoka nyumba ya kumi na mbili, ya mwisho, moshi wa mji ulitikisika. Ukainama kidogo. Halafu wote ukalala upande mmoja.

"Sasa twendeni, mzee wangu," akasema Kindi. "Nimewachosha kwa salamu."

Fyuuu. Walifika nusu ya kilima, upepo ukawapokea. Fyuuu, vuuu. Ulimpiga Dubu usoni, ukaingia kwenye masikio, ukamtoa machozi na kuyagandisha hapo hapo. Walipofika mlangoni, Kindi akaufungua wazi kabisa.

"Karibuni ndani. Leo angalau pana nafuu."

"Nafuu?" akasema Dubu. Meno yake yalikuwa yanagongana kwelikweli. "Mama, kaa na nyumba yako. Sitaki hata kuisikia."

Akageuka, akateremka mbio, gubu gubu gubu. Na bondeni, watoto wangu, upepo ulikuwa umekwisha kuivuruga ile baridi iliyotuama na kuishusha hewa ya juu. Kwa mara ya kwanza tangu majira yaanze, mji ulikuwa na joto. Dubu akanyoosha mikono.

"Mnaona? Mababu hawakukosea."

Baada ya siku tatu upepo ukatulia. Kindi alikuwa ameketi nje anamenya mbegu za msonobari, kanga moja begani, Chonjo anaruka kamba. Akainua macho. Mbwamwitu alikuwa amekaa juu ya jiwe, barafu inayeyuka ndevuni mwake, to, to, to.

"Bi Kindi. Leo huna blanketi."

"Nimelifua."

"Yote matatu?"

Kindi akamenya mbegu nyingine. Mbwamwitu akamtazama mtoto kwa muda.

"Hakohoi."

"Hakohoi," akasema Kindi. Kisha akajikaza. "Nenda kamwambie mzee. Atahamia hapa leo leo. Ila jiulize, bwana: nyumba yake ya chini, na ghala la samaki, atamwacha nani akailinde?"

Mbwamwitu akageuka. Alitazama bondeni, kwenye moshi. Alivuta pumzi moja ndefu, safi, akaitoa taratibu.

"Nitamwambia lazima mtu akae huku akulinde, usije ukatoroka," akasema.

"Kazi ngumu hiyo."

"Ngumu mno." Akajikuna shingo. "Una blanketi la kuniazima?"

Kesho yake barazani walitetemeka wawili.

Nami nimefika mwisho, nawaachia neno moja: aliyekwenda mara moja aliuona upepo tu, aliyerudi ndiye aliyeiona nyumba.