Sungura Mpishi wa Sukari

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na kitamu!
Kilipikwa na nani?
— Na wenye uchungu!
Basi sogeeni, nisimulie.

Huko Amerika, kwenye kisiwa chenye udongo mwekundu, Fisi, mgeni kutoka ng'ambo, alitafuna kipande cha muwa. Nyam, nyam, nyam! Akasema, "Kisiwa hiki chote kitaota miwa." Lakini jembe hakulishika.

Kwanza akawakamata Panya, wenyeji wa kisiwa. Wakalima, wakaugua, wakafa. Fisi akataka zaidi. Akawaleta Paka maskini wa kwao, kwa mkataba wa miaka michache. Wakalima, mkataba ukaisha, wakaenda zao. Fisi akataka zaidi. Ndipo akatuma merikebu huku kwetu, Afrika. Mamba, aliyekaa mlangoni mwa mto, akawauza majirani zake kwa bunduki na vitambaa. Wakafungwa minyororo chini ya sitaha: Swala, Kanga, mzee Kobe na Sungura. Wengi walitupwa baharini wakiwa maiti. Waliobaki wakashushwa kisiwani.

Kinu kikalia kra, kra, kra! Kata! Beba! Kamua! Chemsha! Na kila mmoja alifungwa kibanio cha chuma mdomoni, asije akalamba hata tone. Mmoja akigoma, Fisi alipiga ukelele, "Uuu-wii!" na mbwa wake wakali wakatokea mbio.

Siku moja Fisi akaliona tumbo la Sungura limekua.

"Hongera, Sungura! Nimepata mfanyakazi mwingine."

"Umempata wapi, Bwana?"

"Humo tumboni mwako. Nimeweka sheria mpya. Mtoto wa mtumwa ni mtumwa, na mjukuu wake, na kitukuu chake."

"Hata hajazaliwa!"

"Ndiyo raha yake. Simfuati ng'ambo, ananijia mwenyewe."

Sungura akainamisha kichwa. Lakini moyoni akasema: Huyu, hapana. Huyu humpati.

Sungura alikuwa mpishi wa sukari. Ndiye aliyejua wakati wa kuiepua asali ya miwa ili igande punje punje. Yeye peke yake hakufungwa kibanio, maana ilibidi aonje. Kesho yake akakamulia ndimu ndani ya sufuria kubwa, moja baada ya nyingine. Ndimu ikiingia, sukari haigandi, inabaki kunata. Akachochea, bwata, bwata, bwata, mpaka ikawa nzito kama ulimbo.

Kobe akanung'unika nyuma ya chuma chake. "Mwanangu, utatuua!"

"Babu, waambie wenzako wasogee mlangoni."

Fisi akaingia. "Mbona haijaganda?"

"Bwana, naogopa kusema. Leo imetoka tamu ajabu. Tamu mno kwa ulimi wa mtumwa."

"Kumbe umeshailamba! Mwizi wewe! Lete!"

"Chukua kijiko kidogo, Bwana, maana—"

"Kidogo kula wewe! Nipe upawa!"

Fisi akajaza upawa, akapuliza, fuu, fuu, akaumimina wote kinywani. Nyam. Nya... Mm. Taya la juu likalishika la chini. Akaingiza vidole avute, vidole navyo vikanasa.

"Vipi, Bwana, tamu?"

"Mmm!"

"Nikuongeze?"

"Mmmmm!"

Sungura akachomoa funguo za vibanio kiunoni mwa Fisi. Ka! Ka! Ka! Vibanio vikaanguka chini. Nje, mbwa walikuwa wamelala kivulini. Wakainua masikio, wakingoja ukelele. Wakasikia "Mmm!" tu.

"Bwana anakula," akasema mmoja, wakalala tena.

Basi wakatoka, jua la mchana likiwaka. Hawakunyata. Walitembea, wakaimba, wakapanda mlima wenye mawe makali. Huko juu Sungura akajifungua binti.

Kinywa cha Fisi kilipobanduka, akaja na mbwa wote mpaka chini ya mlima.

"Sungura! Teremsha mali yangu!"

Jiwe likaja, gubu! La pili, gubu! La tatu likampata mbwa mkubwa mguuni.

Sungura akamwinua mtoto juu ili Fisi amwone vizuri.

"Huyu hapa! Panda umchukue!"

Fisi akautazama mlima. Akautazama tena. Hakupanda.

Hadithi yangu nimeiacha huko juu, anayeitaka apande. Na funzo lake, watoto wazuri, ni utiifu. Mtiini bwana, mumpe kila anachotaka kuonja. Mmesikia?

— Tumesikia!

Mtatii?

— Hatutii!