Kiganja Kwenye Boneti

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu zangu. Na wewe unayetafuna muwa, tema hayo makapi kwanza. Nina jambo la kuamuliwa, maana sisi wakubwa limetushinda.

Kule Tabora alikuwepo mzee Kapela na pikapu yake ya kijani, kile kijani cha kisamvu kibichi. Mwanamke yeyote wa mtaa ule akishikwa uchungu, anapelekwa hospitali na pikapu ya Kapela. Baadaye macho yakamfifia mzee, akawa haoni kabisa. Gari likabaki uani, injini nzima, bati linaliwa na kutu.

Mkewe alishatangulia, akamwachia watoto watatu. Mihayo, mkubwa, Mungu kampa mikono: bati likunjamane vipi, akiligonga linanyooka. Kalunde, wa kati, kapewa jicho: anatia rangi vitambaa, mwonyeshe uzi mmoja tu anakutengenezea rangi ile ile. Sizya, kitinda mimba, kapewa mkono usiotetemeka: anapuliza rangi gereji, huoni mchirizi.

Siku moja mzee akawaita. "Wanangu, mimi sina muda. Atakayeirudisha pikapu yangu ikawa kama nilivyoiona zamani, ni yake."

Jamani, si pikapu tu waliyoitaka wale. Kila mmoja alitaka asikie baba analitaja jina lake.

Mihayo akaanza. Akakwangua kutu, akanyoosha mabonde, akaziba vishimo kwa puti, akasugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Likawa laini kama shavu la mtoto. "Bila mimi," akasema, "mngepaka rangi kwenye kutu."

Kalunde akafuata. Rangi ya zamani jua lilishaipausha, hakuna aliyeikumbuka sawasawa. Akabandua mpira wa mlango, chini yake akakuta kijani ambacho jua halijakigusa. Akachanganya, akajaribu kwenye kibati, akafuta, akachanganya tena, mpaka ukikiweka kibati pale huoni kinapoishia. "Bila mimi, mngeipaka kijani cha mlango wa duka."

Sizya akamalizia. Akaazima kompresa na bomba lake la kupulizia, akazungushia uani mashuka, akamwagia maji chini vumbi lisinyanyuke, akapuliza tabaka juu ya tabaka, kitambaa puani. Inzi mmoja alitua, akamtoa kwa ncha ya njiti ya ufagio. "Bila mimi, ninyi mna bati na kopo."

Mzee akaita kutoka ndani: "Tayari?"

Rangi ilikuwa mbichi bado. Wote watatu wanajua haikauki mpaka kesho. Lakini kila mmoja kaogopa mwenzake atatangulia kujibu, wakapaza sauti kwa pamoja: "Tayari, baba!"

Mzee akatoka na fimbo yake. Wao wanasukumana nani amshike mkono, hakuna hata mmoja aliyemwambia usiguse. Akakiweka kiganja chote juu ya boneti. Kikanata.

Akakinusa kile kiganja. "Mbona mbichi?"

Wale watatu wakanyoosheana vidole.

"Hata rangi hamkuingoja ikauke. Na mimi je, mtaningoja nife?"

Akarudi ndani. Kalunde akamfuata na mafuta ya taa. "Lete mkono baba, nikufute."

"Niache nayo."

Juma lile lile akafariki. Waosha maiti wakaikuta rangi imekauka kiganjani. Maji lazima yafike kwenye ngozi, ikabidi wamkwangue polepole, na huku wanawasikia wale watatu nje.

"Baba kipofu, alipapasa," Mihayo anasema. "Alichokipapasa ni ulaini, na ulaini ni wangu!"

"Alisema iwe kama alivyoiona. Kinachoonwa ni rangi, kaka, si msasa wako."

"Na kilichomganda mkononi ni nini?" akadakia Sizya. "Si nilichopuliza mimi?"

"Ulichopuliza nilikichanganya mimi!"

"Na kilikaa juu ya nini?" akasema Mihayo.

Siku ya arobaini walikula sinia tatu mbalimbali. Kiganja cha baba yao kipo bonetini mpaka leo, vidole vitano. Sizya anataka akisugue apulize upya, wenzake wanamkatalia, asije akasema kaimaliza yeye. Kuku anatagia kwenye kiti cha dereva.

Juzi mwanamke wa jirani kashikwa uchungu. Watu wakaja mbio kuomba ufunguo. Mihayo akamtazama Kalunde, Kalunde akamtazama Sizya. Kila mmoja anaogopa kuutoa, na kila mmoja anaogopa mwenzake autoe. Yule mama akapakiwa kwenye baiskeli. Alifika, lakini mtoto hakufika hai.

Haya. Pikapu ni ya nani? Wa nyundo, wa jicho, au wa bomba? Msiniambie waitumie kwa zamu, tulishawaambia, wakatutukana. Na usiniambie mzee alikosea kusema, mzee keshazikwa.

Ufunguo tuliwanyang'anya siku ile ile; huu hapa, shika wewe. Unampa nani?