Aliyemwogesha Mtoto wa Alaere

Hapo zamani, kabla injini hazijawatia watu uvivu wa kupiga kafi, wanawake wa Kiijo, watu wa mito na mikoko, ndio walioendesha mitumbwi, nyumba na, tuseme ukweli, waume pia. Siku moja Alaere alikuwa akipelekwa kwa mama yake kujifungua, kama ilivyokuwa desturi yao. Nyuma ya mtumbwi aliketi mama mkwe wake, Ineba, akiongoza. Mbele alikuwa Ebiere, mke mwenza. Yeye na Alaere juzi tu waligombania uchanja wa kukaushia samaki hadi majirani wakaacha kupika waje kutazama.

Katikati ya mikoko mvua ikamwagika, na mtoto akachoka kungoja.

"Mama, anakuja!" Alaere akapiga kelele.

"Mwambie asubiri, maji yanakupwa!" Ineba akafoka, akisukuma kwa nguvu zote mtumbwi usikwame topeni.

Ebiere akatupa kafi, akampokea mtoto wa kike. Kimya. Akamfuta mdomo, akampulizia, akamsugua mgongo, mpaka kichanga kikalia. Alaere naye akalia kwa furaha.

Doubra, mama yake Alaere, akasikia kilio kile kutoka ukingoni. Akaingia topeni hadi kiunoni, akambeba mjukuu wake, akampeleka nyumbani na kumwogesha kwa maji ya moto.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kwao, anayemwogesha mtoto kwanza ndiye humpa jina, na mtoto akikua humtunza uzeeni kama mama yake wa pili.

"Maji nimechemsha mimi," akasema Doubra. "Nilikuwa na binti mmoja tu, nanyi mkamchukua."

"Mvua ilikwisha kumwogesha mikononi mwangu, mama," akasema Ebiere. "Na mimi sina hata huyo mmoja."

"Mtumbwi ungepinduka mngemwogesha nani, kambare?" akauliza Ineba. "Mikono yangu hii hapa, imechubuka yote!"

Wakamgeukia Alaere. Akamtazama mama yake, ambaye usiku hulala peke yake. Akatazama viganja vya mkwewe. Akamtazama Ebiere, hasimu wake wa uchanjani, aliyesimama na kanga yenye damu asithubutu kumwangalia. Moyo ukamuuma.

Jua likazama, mtoto bado anaitwa "Wewe".

Haya, ninyi mnaonicheka: mngekuwa Alaere, jina angelitoa nani?