Nyani Aliyefuga Bahari

Enyi mliokaa na mliojiegemeza!
— Tupo!
Ngano iko mlangoni, niifungulie?
— Ifungulie!
Na ikiingia na maji miguuni?
— Tutapangusa!

Haya, jina la Mwenyezi Mungu litangulie. Alikuwapo Nyani, dume la nguvu, mwenye meno ya kung'oa bawaba za mlango. Alikaa katika gofu la nyumba ya mawe karibu na pwani. Alikaa peke yake, maana kila aliyetaka kukaa naye alimfukuza. Uani kwake palikuwa na birika kubwa la zamani la kuwekea maji, kavu, limejaa majani.

Nguvu alikuwa nazo. Alichokosa ni uzuri, na jambo hilo lilimtia aibu. Mwenyezi Mungu, ambaye hekima yake haihojiwi, alimpa Nyani rangi nyekundu ya kung'aa, lakini aliiweka mahali ambapo mwenye adabu haonyeshi wageni. Kwa hiyo kwenye kila shughuli Nyani alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuinuka.

Siku moja maji yalikupwa sana, mwamba ukabaki wazi. Nyani akaenda kutafuta chochote cha kutafuna. Akainama juu ya kidimbwi. Lo! Matumbawe ya zambarau. Ua la bahari linachezesha vidole. Kiti cha pweza chenye ncha tano kama nyota, chekundu kama pilipili iliyoiva. Na katikati yao Kitatange, samaki wa manjano mwenye mistari myeusi, kachongoa mdomo kama anayetaka kupiga mluzi.

"Uzuri wote huu umekaa huku tu, hauna mwenyewe?" akasema Nyani.

"Unaye," ikajibu sauti ndogo. "Mwenyewe ni Mungu. Sisi ni wapangaji."

Alikuwa Kaa, yule kaa mdogo anayehamia ndani ya makombe ya konokono waliotangulia mbele ya haki. Siku ile alikuwa amekaa juu ya tumbawe na nyumba yake mgongoni.

"Basi, wapangaji," akasema Nyani, "leo mnahama."

Ndoo mkononi, jasho shingoni, chubwii! Akamwaga bahari birikani. Ndoo mkononi, jasho shingoni, chubwii! Hata birika likajaa. Kisha akachukua matumbawe, akachukua ua, akachukua kiti cha pweza, akamchukua Kitatange. Na Kaa naye akachukuliwa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Sasa tuseme kweli, maana uongo ni dhambi hata ukimsingizia Nyani: alifurahi, na furaha yake haikuwa ya tumbo. Aliacha kupanda miembe ya watu. Asubuhi alilala kifudifudi, kidevu juu ya ukingo wa birika, akingoja matumbawe yafungue vidole. Yakifungua, anasema, "Mashallah," polepole, yasishtuke. Kitatange akajifunza kula dagaa mkononi mwake. Midomo yake ilimtekenya. Nyani, ambaye hakuna aliyemgusa kwa hiari tangu alipoachishwa ziwa, alicheka peke yake uani: hi-hi-hi!

Lakini jua la pwani mnalijua. Jua lilipiga, maji yakapungua. Nyani akayatazama, akatikisa kichwa. "Wanangu ni wa bahari, watapata bahari." Ndoo mkononi, jasho shingoni, chubwii! Kesho yake jua likapiga tena, maji yakapungua tena. Ndoo mkononi, jasho shingoni, chubwii!

Kaa alimtazama akimwaga. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Basi Nyani akawapitia jirani wote. "Ijumaa alasiri njooni kwangu mwone bahari. Nimeifuga uani. Sitaki tena kusikia mtu akisema Nyani ana rangi mahali pamoja tu!"

Watu wakaahidi kuja. Na walipoahidi tu, mambo yakaharibika. Matumbawe yakakunja vidole, hayakukunjua. Kiti cha pweza kikalegea kama chapati mbichi. Kitatange akalala ubavu, akipumua hapu, hapu, hapu.

Nyani akachanganyikiwa. "Wanataka bahari!" Ndoo mkononi, jasho shingoni, chubwii! Hapu, hapu. Ndoo mkononi, jasho shingoni, chubwii! Hapu, hapu, hapu. Kila akizidi kumwaga, wao wanazidi kuumwa. Mwisho akatupa ndoo, akapiga magoti.

"Kitatange, mama, nimekukosea nini?"

Kaa akapanda ukingoni, kwaru, kwaru. "Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi, nina wagonjwa."

"Hawa si wagonjwa, wamenuna. Uliwachukua bila kuwaacha waage kwao. Wewe ungetolewa kwa mama yako bila kuaga, ungekula dagaa wa mtu?"

Nyani akatazama chini. "Nisingekula."

"Basi warudishe mwambani wakaage. Wakishaaga, watarudi na jamaa zao. Unajua Kitatange ana dada wangapi?"

"Wangapi?"

"Ah, bwana, nisitaje hadharani, kuna macho ya husuda. Wewe jiulize tu kama birika litatosha."

Nyani akalitazama birika. Mara likaonekana dogo. Kwa jicho moja anamlilia Kitatange, kwa jicho la pili anapanga mahali pa kuwaweka dada zake. Ndivyo tulivyo, Mungu atusitiri.

"Na wasiporudi?"

"Mimi nabaki rehani. Kombe langu hili hapa. Umeona wapi mtu akaacha nyumba yake?"

Nyani akaridhika. Akamteka Kitatange taratibu kwenye ndoo, akakimbia naye mwambani, akaiinamisha ndoo. Kitatange akateleza majini, akayumba, akatulia kidogo, kisha fyuu! Hakugeuka nyuma.

Nyani akarudi. "Kaa, upo?"

"Nipo, bwana."

Akabeba kiti cha pweza na ua la bahari. Akarudi. "Kaa, upo?"

"Nipo, bwana."

Akabeba matumbawe, na vijiwe vyake, na makombe matupu yaliyokuwa chini. Akarudi. "Kaa, upo?"

Kimya. Kombe limekaa palepale ukingoni.

"Kalala, maskini," akasema Nyani. "Amechoka kunisaidia."

Ijumaa ikafika. Wakaja Kanga na vifaranga wake, wakaja Paa na mumewe, akaja Kima, yule mwenye mdomo. Wote wamejipamba. Wakalizunguka birika, wakainama.

"Bwana Nyani," akasema Kima, "mbona naona uso wangu tu? Kama ni huu, nyumbani ninao."

"Subirini! Wamekwenda kuaga. Wanarudi na dada zao."

Wageni wakatazamana. Kisha wakacheka, kwa-kwa-kwa!

"Muulizeni Kaa!" Nyani akalichukua kombe kwa mikono miwili. "Kaa, mwanangu, waambie." Kombe kimya. Akaligonga, ko, ko, ko. "Kaa, toka, kuna wageni." Akalitikisa. Ikadondoka chembe ya mchanga.

Paa alicheka hadi akakaa chini. Nyani akaona aibu, akageukia ukuta kuuficha uso. Alisahau, jamani. Alisahau upande anaowapa wageni.

"Kumbe rangi ipo!" akapiga kelele Kima. "Hatukuja bure!"

Walicheka wakashikana. Kima, koo limemkauka kwa kucheka, akachota maji birikani, akaonja. "Ptuu! Chumvi imepita ya bahari! Bwana Nyani! Maji yakipungua ulikuwa unaongeza nini?"

"Bahari," akasema Nyani, bado yuko ukutani. "Kila siku. Nabeba mwenyewe."

"Loo! Wala hufugi samaki wewe, unapika chumvi! Si ndivyo wanavyofanya kule mashamba ya chumvi? Jua linakunywa maji, chumvi linaiacha. Nao wanaongeza bahari, jua linakunywa, chumvi inazidi. Ungeongeza maji ya kisima, bwana, kisima si hicho mlangoni! Leta magunia tukusaidie kuvuna!"

Wageni wakacheka. Nyani hakusikia kicheko. Alisikia hapu, hapu, hapu. Aibu ya kuchekwa ilikuwa usoni, na ya usoni hupoa. Hii iliingia tumboni, ikatandika mkeka.

Akageuka. "Nilikuwa nawaua," akasema. "Kwa mkono huu huu niliowalishia. Na nilikuwa nawapenda. Na hata nilipowarudisha, sikuwarudisha kwa wema. Nilitaka dada zao."

Hakuna aliyecheka tena. Kanga akakusanya vifaranga wake. Wakaondoka mmoja mmoja.

Maji yalipokupwa Nyani akateremka mwambani. Kitatange alikuwamo kidimbwini, mzima, mistari imekoza. Akaviona vile vidole vilivyomlisha dagaa, akasogea, midomo mbele. Nyani akaficha mikono nyuma. "Usile kwangu, mama," akasema. "Nisamehe."

Kisha akainua macho. Jua lile lile lilikuwa juu ya bahari yote, linakunywa. Nyani akashtuka. Linakunywa tangu lini? Na huku nani anaongeza?

Akakimbia kisimani. Ndoo mkononi, jasho shingoni, chubwii! Akamwaga maji matamu baharini. Kesho yake akaja tena. Chubwii!

Kaa alimwona kutoka chini ya jiwe, yumo katika nyumba mpya, moja ya yale makombe matupu aliyoyabeba Nyani, pana kuliko ya kwanza. Alitaka kumwambia kwamba kazi hiyo Mungu ameipa mvua. Akafungua mdomo. Akaona haya. Akaufunga.

Na Nyani yuko hukohuko, anamwaga.

Basi, wanangu, shikeni funzo. Msiwe waongo kama Kaa. Mwongo hafiki popote, ila yeye alifika kwao, na jamaa zake wote wazima, na nyumba juu. Kirini makosa yenu kama Nyani, mpate kupumzika. Yeye atapumzika bahari ikishajaa.

Ngano inatoka, nani anaisindikiza?
— Sisi hapa!
Na maji iliyoyaacha sakafuni?
— Apangushe aliyeyaleta!
Haya, nipeni tambara.