Dakika Moja ya Kioo Cheusi

Kwaya, kaeni kwanza. Na ninyi wa benchi la nyuma, wekeni simu mfukoni, maana mfano wangu wa leo ni wa kompyuta na najua mtataka kunicheka mzee mzima. Chekeni sasa mmalize.

Kulikuwa na mama mmoja, kule juu kwenye migomba na ukungu, ambako saa nane mchana unaweza kuwasha taa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Asajile. Basi watu walimwita Mama Asajile, na mumewe Baba Asajile, na hata wao wenyewe ndani ya nyumba waliitana hivyohivyo. Mnazijua ndoa zetu. Miaka thelathini, mtu hajawahi kumwita mkewe kwa jina la ubatizo.

Asajile akafariki. Pikipiki, mvua, kona. Siku ya maziko mama alilia mpaka sauti ikakauka. Baba hakutoa chozi. Alisimama pale kaburini, koti limefungwa vifungo vyote, akawashukuru watu kwa kuja, akauliza kama wageni wameshakula. Mama akamtazama, moyo ukafa ganzi. Tangu siku hiyo hakumwita tena Baba Asajile. Angeanzaje? Na jina lingine la kumwita hakuwa nalo. Akawa hamwiti kabisa. “Chakula kipo mezani.” Miezi kumi na minne, wapendwa, mazungumzo yao ni hayo tu.

Alichobaki nacho ni laptop ya mwanawe, na ndani yake video moja ya dakika tatu. Asajile kajirekodi jikoni, anacheka, na nyuma yake mama anakaanga ndizi. Asajile anasema, “Mama, geuka nikuone!” Mama, unaona mgongo tu, anajibu, “Niache bwana, ndizi zitaungua.” Inaishia hapo. Hakugeuka. Nani kati yetu angejua?

Kila siku saa nane alikaa mezani akaiangalia. Sasa siku moja ile kompyuta ikajisasisha yenyewe, mnajua zinavyofanya, haziombi ruhusa. Kesho yake mama anawasha, uso wa Asajile umechanika. Jicho huku, mdomo kule, michirizi ya kijani katikati. Halafu picha ikaganda na sauti ikakwama palepale: “Mama, geu... Mama, geu... Mama, geu...” Mama akafunga laptop kwa mikono miwili, na sauti ikaendelea kidogo chini ya kifuniko kabla ya kunyamaza.

“Anakuita huyo,” jirani akamwambia. “Kuna kitu anadai.” Mwingine akashauri ipakwe mafuta ya upako. Msicheke! Tungeipaka, tena mimi ndiye ningeshika chupa.

Mama akampigia fundi, binti mmoja mwenye kibanda cha simu na kompyuta pale stendi.

“Mama, hiyo siyo roho,” binti akasema. “Ni draiva ya kadi ya picha.”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Draiva ni mkalimani wake. Kompyuta imejisasisha, inaongea mambo mapya, mkalimani bado ana lugha ya zamani. Anatafsiri ovyo. Tumsasishe na yeye, basi.”

“Na mwanangu hatafutika?”

Mnasikia hilo swali? Hakuuliza itachukua muda gani. Hakuwa na Asajile mwingine anayecheka, popote duniani.

“Hatafutika. Lakini nakili kwanza hiyo video kwenye flashi. Chomeka chaji, isije ikazimika katikati. Halafu nisikilize vizuri, mama yangu. Kioo kitakuwa cheusi kwa muda. Usiguse kitu. Usizime. Kitarudi chenyewe.”

Akafanya yote, simu ipo mezani kwenye spika. Akanakili. Akachomeka chaji. Akafungua orodha ya vifaa vya kompyuta, akaitafuta kadi ya picha, akabonyeza pale pa kusasisha. Nje ukungu umeshuka mpaka dirishani. Mstari kwenye kioo ukawa unajaa polepole. Kisha kioo kikazimika.

Umewahi kukitazama kioo cheusi, mpendwa? Kikiwaka, unaona kilichomo ndani yake. Kikizimika, unajiona wewe. Mama akajiona, kitambaa kichwani, macho yamevimba. Na juu ya bega lake la kushoto akaona uso mwingine.

Alikuwa Asajile. Paji la uso lilelile, masikio yaleyale yaliyotokeza. Lakini kazeeka. Nywele nyeupe, mashavu yameanguka, na machozi yanashuka mpaka kidevuni bila sauti yoyote.

“Yupo!” mama akapiga kelele. “Yupo hapa nyuma yangu!” Mkono umeshafika kwenye kitufe cha kuzimia.

“Mama, usizime! Utaharibu!”

“Kaja, kazeeka, analia!”

 Yule binti akasema, “Mama, kama yupo nyuma yako, si ugeuke?”

Akageuka.

Alikuwa mumewe. Peku, koti mkononi, amesimama karibu na mlango.

“Unafanya nini hapo?”

“Namwangalia mwanangu,” mzee akasema. “Kila siku saa nane nasimama hapa. Wewe ndiye hugeuki.”

“Siku ile mbona hukulia?”

“Ningelia na mimi, nani angekushika?”

 “Baba Asajile,” mama akasema.

Nyuma yake kioo kikawaka. “Mama?” fundi akaita kwenye simu. “Haloo, mama, picha imerudi?”

Sasa sisi. Maana mnanitazama kama vile nimewasimulia habari za watu wa mbali. Tunafunga na kukesha tukimwomba Mungu atuonyeshe waliotutangulia, na walio hai wamesimama nyuma yetu peku. Mwanga wa kile tunachokililia unatuzuia tusiwaone. Halafu Mungu kwa huruma yake akikizima kioo kidogo, kazi ikisimama, maombi yakikosa jibu, tunafanya nini? Tunakimbilia kitufe. Tunakemea giza! Nani alikwambia hilo giza ni la shetani? Kaa nalo dakika moja. Angalia kinachoonekana humo.

Na mimi mchungaji wenu nina ndugu yangu wa tumbo moja ambaye tangu msiba wa mama yetu sijamwita jina lake. Yupo humu. Kaja leo, namwona.

Kwa hiyo sisemi tufumbe macho tuombe. Leo tutaomba macho yakiwa wazi. Kuna mtu uliyeacha kumwita. Huenda mko benchi moja, mmeweka mkoba katikati. Usisubiri niseme amina. Mimi nashuka hapa madhabahuni namfuata wangu. Na wewe, geuka.